Kosa 403 na 500: kabla ya chmod, jua nani anafungua faili

Tovuti ikigoma kwa 403 (seva imekataa ombi) au 500 (hitilafu ndani ya seva), ushauri unaotolewa haraka karibu kila mahali ni kupiga `chmod -R 777`, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote kwenye kila faili. Tafadhali usifanye hivyo. Ikifanikiwa, umeacha msimbo wako wazi kwa kila mtumiaji na kila programu iliyomo kwenye mashine, na bado hujajua tatizo lilikuwa nini. Isipofanikiwa, umefuta ushahidi: ruhusa za awali ambazo zingekuonyesha mahali palipoharibika hazipo tena. Na zipo seva ambazo 777 ndiyo yenyewe inayozaa kosa 500, nitafika huko.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, haijui tovuti ni nini. Inachojua ni kwamba kuna mchakato (programu inayoendeshwa) wenye namba ya mtumiaji na namba za makundi, na kuna faili yenye mmiliki, kundi na ruhusa tisa: kusoma (`r`, 4), kuandika (`w`, 2) na kuendesha (`x`, 1) kwa mmiliki, kundi na wengine, kila tarakimu ikiwa jumla ya mmoja wao. Mchakato ukiomba faili, maswali huulizwa kwa mpangilio. Wewe ndiye mmiliki? Kama ndiye, zinatazamwa ruhusa za mmiliki tu, basi. Kama siye, umo kwenye kundi la faili? Ukiwamo, zinatazamwa za kundi tu. Wanaobaki ndio "wengine". Hakuna nafasi ya pili: faili yenye 604 ambayo kundi lake ni `www-data` (la seva ya wavuti) haisomeki na mchakato ulio kwenye kundi hilo, ingawa mtu wa nje kabisa anaisoma. Ndiyo maana kuuliza "nipige namba gani?" kabla ya kujua nani anaomba hakukufikishi popote.

## Logi kwanza

Ukurasa wa kosa kwenye kivinjari haukuambii kitu, na umetengenezwa hivyo makusudi. Debian na Ubuntu huweka logi ya Apache kwenye `/var/log/apache2/error.log`, familia ya Red Hat kwenye `/var/log/httpd/error_log`, na ya Nginx kwa kawaida ni `/var/log/nginx/error.log`. Fungua `sudo tail -f` ya faili hiyo kwenye dirisha moja, pakia ukurasa upya kwenye jingine, kisha soma mstari unaodondoka sekunde hiyohiyo.

Unachotafuta ni `(13)Permission denied` kwa Apache, au `(13: Permission denied)` kwa Nginx. Hiyo 13 ni namba ya kerneli ya kukataa ombi. Usipoiona, punguza kasi, huenda si ruhusa za faili kabisa. `AH01630: client denied by server configuration` linatokana na maagizo ya `Require` kwenye mipangilio ya Apache. `directory index of ... is forbidden` la Nginx linakuambia kwamba folda haina faili ya index inayotambulika na kuorodhesha yaliyomo kumezimwa. Hayo mawili hata upige chmod mpaka asubuhi hayatabadilika.

Kwa Apache, ujumbe wenyewe unatofautisha mahali. `AH00035 ... search permissions are missing on a component of the path` maana yake kuna folda njiani isiyopitika. `AH00132: file permissions deny server access` maana yake njia yote imepitika, faili yenyewe ndiyo haisomeki. `AH00529` inahusu `.htaccess`, faili ya maagizo ya Apache kwa folda husika, na ina tabia yake: Apache ikishindwa kuisoma faili hiyo hukataa kila kitu kilicho chini yake, maana haiwezi kujua kama ndani kuna katazo. Matokeo ni 403 kwenye tovuti nzima kwa sababu ya faili moja iliyowekwa 600.

Kosa la ruhusa pia huvaa namba nyingine. Nginx ikishindwa kufungua soketi ya PHP-FPM (huduma inayoendesha skripti za PHP) unapata 502, na logi inasema `connect() to unix:/run/php/php8.2-fpm.sock failed (13: Permission denied)`. Dawa iko kwenye faili ya mipangilio ya pool, yaani kundi la michakato ya PHP-FPM: `listen.owner` na `listen.group` ziwe za mtumiaji wa Nginx, `listen.mode = 0660`, kisha uwashe PHP-FPM upya. Kubadili ruhusa za soketi kwa mkono ni kazi bure, kwani huundwa upya kila huduma inapowashwa. Na PHP-FPM isipoweza kupita kwenye folda za juu ya skripti, mgeni huona 404 yenye maneno `File not found.` huku logi ikiandika `Primary script unknown`. Faili ipo, unaiona kwa macho yako, lakini mchakato unaoihitaji hauioni.

## Nani?

```
ps -eo user,group,comm | grep -E 'apache2|httpd|nginx|php-fpm'
```

Mstari mmoja wa kila huduma utakuwa wa root. Huo ni mchakato mama, uache. Tazama watoto wake. Debian na Ubuntu huwaendesha kama `www-data`, familia ya Red Hat humwita `apache` kwa Apache na `nginx` kwa Nginx.

Pale Nginx inapotumika pamoja na PHP-FPM, wanaofungua faili ni wawili, na huenda wakawa watumiaji tofauti. Nginx inasoma picha, CSS na JavaScript. PHP-FPM inasoma na kuendesha skripti. Ukurasa ukija na maandishi yake yote lakini bila mitindo wala picha, PHP-FPM inapita na Nginx imezuiwa. Picha zikifunguka kwa anwani zao wakati kurasa hazifunguki, geuza. Dalili hii moja hukuokolea muda mwingi kuliko amri yoyote.

## Njia nzima, siyo faili peke yake

Watu hutazama `index.php`, wanaona 644, wanashangaa. Lakini kuifikia faili hiyo, mchakato lazima uwe na `x` kwenye kila folda kuanzia `/`. Kwenye folda, `r` ni kuona orodha ya majina, `w` ni kuongeza na kufuta majina, na `x` ni kupita. Folda moja ikikosa `x` inatosha kuzuia vyote vilivyo chini yake. Amri ya kuonyesha mlolongo mzima ni `namei`:

```
$ namei -l /home/mradi/tovuti/public/index.php
f: /home/mradi/tovuti/public/index.php
drwxr-xr-x root  root  /
drwxr-xr-x root  root  home
drwxr-x--- mradi mradi mradi
drwxr-xr-x mradi mradi tovuti
drwxr-xr-x mradi mradi public
-rw-r--r-- mradi mradi index.php
```

Shuka mstari kwa mstari ukijiuliza: `www-data` ni nani hapa? Kwenye `/` na `home` ni "wengine", na wengine wana `x`. Kwenye folda ya `mradi` ni wengine tena, ila sasa wana `---`. Safari imeishia hapo. Tangu Ubuntu 21.04, folda za nyumbani za watumiaji wapya huundwa na 750, kwa hiyo mwongozo wa zamani unaosema weka tovuti ndani ya `/home` unaangukia hapa moja kwa moja.

Njia iliyo safi ni kuhamishia tovuti `/var/www` au `/srv`. Kama lazima ibaki nyumbani, mpe mtumiaji huyo mmoja haki ya kupita tu:

```
sudo setfacl -m u:www-data:x /home/mradi
```

Hiyo ni bora kuliko `chmod o+x`, ambayo inafungua mlango kwa kila mtumiaji aliyeko kwenye mashine. Na kama tovuti iko ndani ya `/root`, iondoe huko. Usiitafutie njia.

Kisha jaribu kwa nafsi ya mwombaji:

```
sudo -u www-data head -c 1 /home/mradi/tovuti/public/index.php
```

Jaribio hili likikataa, una tatizo la ruhusa za kawaida na `namei` imekwishakuonyesha wapi. Likikubali huku tovuti bado inagoma, mambo matatu yanabaki, na la kwanza ndilo husahaulika zaidi: makundi. Ukimwongeza `www-data` kwenye kundi kwa `usermod -aG`, `sudo` inaliona kundi jipya papo hapo, ila michakato inayoendelea imeshika makundi ya wakati ilipowashwa. Washa upya Apache, Nginx na PHP-FPM. Mawili yaliyobaki, SELinux (ulinzi wa ziada unaotumia lebo za faili) na vizuizi vya systemd (msimamizi wa huduma), yako mbele.

## Kurudisha ruhusa zilizovurugwa

Kosa pacha la 777 ni `chmod -R 644`. Inaondoa `x` kwenye folda zote, na tovuti nzima inazimika. Folda na faili zinatengenezwa mbalimbali:

```
sudo find /var/www/tovuti -type d -exec chmod 755 {} +
sudo find /var/www/tovuti -type f -exec chmod 644 {} +
```

Wapo wanaopenda `chmod -R u=rwX,go=rX`, kwa kuwa `X` kubwa huweka `x` kwenye folda tu. Karibu iwe hivyo: huiweka pia kwenye faili ambayo tayari ina `x` yoyote. Baada ya 777 kila faili ina `x`, kwa hiyo amri hiyo itakuachia faili zote zikiwa 755. Tumia `find`. Ukimaliza, rudisha `x` kwa vile vinavyoendeshwa kweli, kama vile `vendor/bin`, skripti za CGI na hook za Git.

## Umiliki ndio chanzo mara nyingi

Ruhusa hubadilika mtu anapozibadilisha. Umiliki hubadilika wenyewe kila faili mpya inapozaliwa, kwa sababu faili huwa mali ya aliyeiunda. Kwa hiyo kama tovuti iliyofanya kazi jana leo haifanyi, bila mtu kugusa ruhusa yoyote, anzia kwenye umiliki.

Chukua mfano wa Laravel (mfumo wa kujengea tovuti za PHP) yenye logi za kila siku. Faili ya logi ya leo haipo mpaka mtu aandike mstari wa kwanza. Kama kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) imewekwa kwenye crontab ya root na inaandika logi saa sita na dakika moja usiku, root ndiye anayeiunda faili, ikiwa `root root` na 644. Asubuhi mgeni wa kwanza anagonga hitilafu ndogo ambayo ingeandikwa tu kwenye logi na kusahaulika. PHP-FPM inajaribu kuiandika, inakataliwa, na kushindwa huko ndiko kunakozaa 500: `could not be opened in append mode ... Permission denied`. Unapiga `chown`, inapona, na usiku unaofuata inarudi. Siku ambayo cron haikuwa na la kuandika, tovuti iko salama, ndiyo maana kosa linaonekana kuja na kuondoka lenyewe. Kuendelea kutengeneza faili hiyo kila asubuhi hakuna mwisho. Hamisha kazi iende kwa mtumiaji anayehusika:

```
sudo crontab -u www-data -e
```

Na kila amri ya mkono inayogusa cache au logi ipigwe kwa `sudo -u www-data php artisan ...`, au kwa jina la mtumiaji wa pool yako kama ni mwingine.

Mlango wa pili ni kunakili. `tar` ikifunguliwa na root hurudisha umiliki wa kule faili zilikotoka. Mac humpa mtumiaji wake wa kwanza namba 501, kwa hiyo ukiona `ls -l` inaonyesha 501 badala ya jina, umeshajua kifurushi kilitoka wapi. Ongeza `--no-same-owner`. `rsync -a` kwa root ina tabia hiyohiyo ya kubeba umiliki; iongezee `--chown=mradi:www-data`.

Kontena zina mtego wa aina yake. Kerneli inalinganisha namba tu, majina ni ya kusomea. `www-data` ni 33 kwenye Debian, lakini ni 82 kwenye picha za kontena (image) za PHP zilizojengwa juu ya Alpine. Ukibadilisha picha kutoka moja kwenda nyingine huku folda ya nje ikiwa ileile, jina linabaki `www-data` na ruhusa zinakataa. Linganisha kwa `ls -ln` ndani na nje.

## Mpangilio ninaoupendekeza

Msimbo uwe mali ya mtu anayeusambaza, seva ya wavuti iusome tu, na iandike kwenye folda chache zinazojulikana. Kumkabidhi `www-data` mti mzima kwa `chown -R` kunarahisisha siku ya kwanza, kisha siku programu-jalizi moja ikipata tundu, mvamizi anaweza kuandika upya msimbo wenyewe na kubaki humo hata tundu likizibwa.

```
sudo chown -R mradi:www-data /var/www/tovuti
sudo find /var/www/tovuti -type d -exec chmod 750 {} +
sudo find /var/www/tovuti -type f -exec chmod 640 {} +
sudo setfacl -R  -m u:www-data:rwX,u:mradi:rwX /var/www/tovuti/storage
sudo setfacl -R -d -m u:www-data:rwX,u:mradi:rwX /var/www/tovuti/storage
```

Mstari wa mwisho ndio wenye thamani zaidi. `-d` huweka ruhusa za kurithi: chochote kitakachoundwa ndani ya `storage`, na yeyote, kwa kawaida kitaandikika na wote wawili. Wengi hutumia setgid, yaani `chmod 2770`, ambayo hufanya faili mpya zirithi kundi la folda. Inasaidia nusu, maana umask (ruhusa zinazoondolewa kwenye kila faili mpya) ya 022 bado inaondoa `w` ya kundi na faili inazaliwa 644. Ruhusa za kurithi za ACL, yaani ruhusa za ziada zinazowekwa na `setfacl`, hazipunguzwi na umask. Jihadhari tu na kitu kimoja: kwenye faili yenye ACL, ile alama ya `+` kwenye `ls -l`, tarakimu ya kati ya `chmod` inabadilisha kikomo cha ACL. Ukipiga `chmod 640` hapo baadaye, umemnyang'anya `www-data` haki ya kuandika bila kujua. `getfacl` itakuonyesha neno `#effective`.

WordPress inapokuomba nenosiri la FTP ili kusasisha programu-jalizi, nayo inalalamikia umiliki: inaunda faili ya muda na kulinganisha mmiliki wake na mmiliki wa msimbo. Wakitofautiana, hujihami hivyo.

## Pale 777 inapoleta 500

Kwenye seva za kushirikiana, skripti mara nyingi huendeshwa kwa jina la mwenye akaunti kupitia suEXEC au, kwenye seva za zamani, suPHP. Hizi hukataa kuendesha faili ambayo mtu mwingine anaweza kuiandika, na hukagua folda iliyomo pia. 775 kwenye folda au 664 kwenye skripti inatosha kuleta 500. Logi ya suEXEC itasema `directory is writable by others`, au `target uid/gid ... mismatch` kama mmiliki si mwenye akaunti. Ya suPHP husema `is writeable by group`. Hapo tumia 755 na 644, na `wp-config.php` inaweza kushuka hadi 600 kwa sababu PHP inaisoma kama mmiliki. `.htaccess` iache 644. Hiyo inasomwa na Apache yenyewe.

## Ruhusa ni sahihi, bado inakataa

Kwenye familia ya Red Hat, tazama lebo za SELinux kwa `ls -Z`. Msimbo unatakiwa uwe na `httpd_sys_content_t`, na folda za kuandikwa `httpd_sys_rw_content_t`. Chanzo cha kawaida ni `mv`: faili iliyohamishwa kutoka nyumbani huja na lebo ya huko, wakati `cp` hupokea lebo ya folda mpya. Thibitisha kwa `sudo ausearch -m avc -ts recent`, kisha:

```
sudo semanage fcontext -a -t httpd_sys_rw_content_t "/var/www/tovuti/storage(/.*)?"
sudo restorecon -Rv /var/www/tovuti
```

Kuzima SELinux moja kwa moja ni 777 kwa jina jingine.

Kwa systemd, piga `systemctl show php8.2-fpm -p ProtectHome -p ProtectSystem`. `ProtectHome=yes` inaifanya `/home` isionekane kabisa na huduma hiyo, hata ukiweka ruhusa zipi. `ProtectSystem` hujitambulisha kwa `Read-only file system`. Na kama hata root anaambiwa `Operation not permitted` kwenye faili moja, angalia `lsattr`. Alama ya `i` huondolewa kwa `chattr -i`.

Limebaki moja linalosumbua wengi: fomu ndogo zinapita, kupakia picha kunaleta 500. Nginx hushikilia mwili wa ombi kwenye kumbukumbu mpaka kilobaiti 16 kwenye mashine za biti 64, ukizidi huandika kwenye folda ya muda, `/var/lib/nginx/body` kwa Debian au `/var/lib/nginx/tmp/client_body` kwa Red Hat. Aliyebadilisha mstari wa `user` kwenye `nginx.conf` akasahau folda hizo na zilizo juu yake huenda ameziacha zikiwa mali ya mtumiaji wa zamani. Majibu makubwa nayo hukatika katikati kwa sababu hiyohiyo. Ndugu yake ni folda ya vipindi vya PHP: kwenye Red Hat `/var/lib/php/session` ni ya kundi `apache`, na ukiendesha pool kama `nginx`, mtumiaji anaingiza nenosiri sahihi na kurudishwa kwenye ukurasa wa kuingilia kila mara. Ipe pool hiyo `session.save_path` yake.

Ukishatengeneza, piga hizi mbili baada ya siku moja, cron zote zikiwa zimeshapita:

```
sudo find /var/www/tovuti -perm -o+w ! -type l
sudo find /var/www/tovuti ! -user mradi ! -path '*/storage/*'
```

Zote mbili zinatakiwa zirudi tupu. Ya pili ikitoa faili, soma jina la mmiliki na saa ilipobadilishwa mwisho kwa `ls -l`, kisha ulinganishe saa hiyo na crontab.